Shimo Alilolifunika Baba

Harufu ya ndizi za pombe zinapoiva haifanani na ya ndizi za mezani. Hii ina utamu, ina moshi, ina udongo, na nyuma kabisa ina kitu kinachotaka kuoza ila bado hakijaamua. Juzi dereva wangu Masanja aliingia hapa Nyakanazi na Fuso kutoka Ngara. Springi ilimkatikia njiani, akachelewa, na mikungu ikalala chini ya turubai juani kutwa baada ya kutwa. Alipofungua kamba na kulivuta turubai, harufu ile ilinipiga usoni. Nikatafuta pa kushika, nikajikuta nimekaa kwenye tairi.

"Bosi, sukari imeshuka?"

"Mimi sina sukari."

"Presha basi."

"Masanja, shusha mzigo."

Niseme mapema mimi ni nani, msije mkadhani mnasoma habari za mtu legelege. Shule nimeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilipita kwa kusukumwa. Leo nina Fuso tatu zinazotembea, na nyumba ya wageni ambayo ilikuwa ya kwanza upande huu wa njia panda kuwawekea madereva maji ya moto, wakati wenzangu bado wanaamini dereva wa lori anaoga akifika kwake. Watu waliosoma mpaka wakapata vipara wananipigia simu kuniomba ushauri. Hakuna aliyenishika mkono. Nimeinuka mwenyewe, na anayebisha aje, nitamwonyesha kiwanja kwa kiwanja.

Lakini tangu mvua za mwaka jana, tulipomzika mke wangu Agnesi, nimechoka. Siyo uchovu wa safari, ule naujua na dawa yake ni kulala. Huu naamka nao. Mgahawa wake uko mbele ya nyumba ya wageni, pale magari yanapoegesha. Niliufunga siku ya msiba kwa kufuli kubwa, na ufunguo nikawa natembea nao kwenye mfuko wa shati. Humo ndani kuna masufuria yake, kuna unga, kuna kanga yake kwenye msumari. Wafanyakazi wakiupita ule mlango wanaangalia pembeni. Madereva wanauliza, "Mama wali atarudi lini?" kisha wanakanyagana miguu. Mtu wa Fuso tatu anashindwa na kufuli.

Basi nikiwa pale kwenye tairi, ndizi zikinukia, nilirudi Nyamiaga bila kutaka.

Kwetu Nyamiaga ukisimama nyuma ya nyumba unaona mabati ya mji wa Ngara yaking'aa kule juu kilimani. Baba alikuwa fundi wa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Sisemi hivyo kwa sababu ni baba yangu. Watu waliacha pombe za majirani zao, wakapanda mlima kuja kunywa ya kwake. Nami nilikuwa msaidizi wake mkuu, ingawa shule nilikuwa sijaanza na kazi yangu ilikuwa kushika majani.

Alikuwa anachimba shimo nyuma ya nyumba, anachoma ndani yake majani makavu ya migomba mpaka kuta zipate moto, anazoa majivu, kisha anatandika majani mabichi. Juu yake anapanga ndizi, anafunika kwa majani mengine, halafu udongo. Pembeni anaacha tundu dogo. Hapo anapulizia moshi, halafu anaziba na kuondoka. Baada ya siku anarudi, anazibua tundu, anaingiza mkono mpaka begani na kufumba macho. Mimi nilikuwa sitazami shimo, nilitazama uso wake. Akitabasamu nilijua kesho tunakamua.

"Ingiza na wewe," alikuwa ananiambia. Nikiingiza mkono nilikuta joto la unyevu, kama mdomo wa ndama.

"Unasikiaje?"

"Joto, baba."

"Basi zinaiva."

Hivyo ndivyo nilivyoijua ardhi. Kitu kinaingia humo kigumu na kichungu, hakifai kwa lolote. Kinafunikwa, kinaachwa kipate joto, halafu kinatoka kitamu na watu wanapiga vigelegele.

Siku ile alimaliza kufunika shimo, akanawa miguu, akachukua baiskeli kwenda kuwaambia wakamuaji waliokaa bondeni wajiandae. Kwenye mteremko breki zilikataa. Walimrudisha kwenye machela ya miti, na aliyetangulia mbele ya machela alikuwa ameibeba ile baiskeli begani, kama vile ilikuwa na haja ya kuja.

Walimzika kwenye migomba yetu. Nilisimama karibu kabisa na nikaona kila kitu. Walichimba shimo, wakatandika majani mabichi ya migomba, wakamlaza ndani ya mkeka wake, wakaweka majani mengine, wakafukia. Watu wote walilia. Dada yangu Yusta alilia mpaka akashikwa kwikwi. Mimi sikulia, na nikasikia mwanamke mmoja akisema mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Sikuwa na jiwe lolote. Nilikuwa nawashangaa tu kwamba hawakuacha tundu pembeni.

Siku za msiba kwetu jembe haliingii ardhini. Linafungwa kwa kamba ya mgomba, linaning'inizwa juu darini, mpaka ifike siku ya kumaliza msiba. Siku hiyo watu wananyolewa, wanakunywa pombe, mjane anakabidhiwa jembe na mbegu, analima kidogo mbele ya ukoo wote, na maisha yanaendelea. Hilo kila mtoto wa Ngara wa rika langu analikumbuka.

Tatizo lilianza kwenye ndizi. Waombolezaji walikuwa wamejaa uwanjani, na Baba mkubwa Laurenti, kaka wa baba, akamfuata mama. Mazungumzo haya yalikuwa ya Kihangaza, mimi ninayapeleka kwenye Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Shemeji, watu wamekaukiwa koo. Ndizi zimeiva, harufu inafika mpaka barabarani. Tufunue."

"Kafunika mwenyewe," mama akasema.

"Ndiyo, na sasa hayupo."

"Kafunika mwenyewe. Atafunua mwenyewe."

Akachukua kigoda chake, akakiweka juu ya udongo wa shimo, akakaa. Watu walidhani ataondoka jua likizama. Aliingia kulala, kweli, lakini alfajiri alikuwa juu ya kigoda. Ikawa hivyo hivyo. Ndizi zikapita kuiva, zikaanza kuchacha, inzi wadogo wakatanda kama moshi, na mama katikati yao, mikono mapajani, haoni, hasikii. Yusta ndiye aliyepika, na alikuwa bado mdogo, wa kupakwa masizi kuliko wa kupika. Ugali ulikuwa na mabuja, tukala. Mama alikuwa anapelekewa sahani, jioni inarudi na ugali umekauka.

Watu walisema karogwa. Wengine walisema ni mzimu wa upande wa mama yake. Katekista alikuja akaomba, zahanati wakampa vidonge vya malaria maana ndivyo walivyokuwa navyo. Mimi sikuona ugonjwa wowote. Kwa akili yangu mama alikuwa mtu pekee mwenye akili pale nyumbani. Wengine walikuwa wanalia na kunyoana nywele, yeye alikuwa anasubiri.

Kisha yakaja majuma ya ajabu. Asubuhi moja tuliamshwa na ufagio. Mama alifagia uwanja, akaufagia tena, akakanda udongo na majivu akazipaka kuta zote za nyumba mpaka na banda la mbuzi, akiimba, akiongea bila kituo, sentensi moja ikikanyaga nyingine. Alikuwa halali. Alipanda mjini Ngara akarudi na masufuria ambayo hatukuwa na chakula cha kuyajaza, na pipi za kunijaza mimi. Alimpa mpita njia koti la baba, kisha akamkimbilia mpaka bondeni akamvua. Majirani walimwambia Yusta, "Mama yenu kapona, mshukuruni Mungu." Nilikula pipi zangu nikakubali kwamba baba lazima yuko karibu, maana nyumba haipakwi majivu bila mgeni.

Halafu asubuhi nyingine ufagio haukusikika. Nilipotoka nje mama alikuwa juu ya kigoda, mikono mapajani. Safari hii hata kugeuza shingo hakugeuza.

Hapo Baba mkubwa alichoka. Alikuja na Shangazi, dada yao mkubwa, bibi kizee mwenye kiko ambacho sikuwahi kukiona kimezimika. Walikaa ukutani, mimi nikiwa nimejilaza nyuma ya mlango.

"Siku ya kumaliza msiba ni baada ya Jumapili," Baba mkubwa alisema. "Jembe atakabidhiwa mbele ya watu. Asipolishika, siwezi kuacha watoto wa ndugu yangu wafe na njaa hapa. Binti nitamchukua mimi. Huyu mdogo aende Biharamulo kwa binamu yetu, akachunge mbuzi."

"Na mama yao?" Shangazi akauliza.

"Arudi kwao."

"Kwao alikotoka na akili, utamrudisha bila akili? Utawaambia umeimwaga wapi?"

"Dada, usinichekeshe. Mimi sijui la kufanya."

Aliposema hivyo sauti yake ilipasuka kidogo, lakini mimi sikuijali. Nilikuwa nimesikia Biharamulo. Biharamulo kwangu ulikuwa mwisho wa dunia. Na kilichoniuma zaidi ya mbuzi ni kwamba baba angetoka na mimi sipo.

Kesho yake, jua likiwa utosini, nilishuka kwenye migomba kuhakikisha. Kwa kuwa hawakuacha tundu, nililichimba mwenyewe kwa kidole, upande ule ambao migomba ilikatwa kupitisha watu na jua linapiga moja kwa moja. Ilikuwa kiangazi, udongo bado umelegea. Niliingiza mkono mpaka kwenye kifundo, nikafumba macho kama nilivyofundishwa.

Ulikuwa na joto.

Nilikimbia mpaka nikapoteza kipande cha bukta yangu kwenye miti. Nilifika kwenye kigoda nikihema.

"Mama, usiogope mambo ya Baba mkubwa. Baba anaiva."

Hakunitazama. "Nani?"

"Baba. Nimeingiza mkono. Ana joto."

Aligeuza kichwa. Alinitazama muda mrefu, kisha akautazama mkono wangu wenye udongo. Nilidhani atanipiga. Aliinuka ghafla kigoda kikaanguka, akanishika kwenye kifundo cha mkono, tukashuka migombani haraka mpaka miguu yangu ikawa inagusa chini mara moja moja. Alipiga magoti penye tundu langu na kuingiza mkono wake.

Nikautazama uso wake, kama nilivyozoea kutazama wa baba.

"Ni joto, siyo?" nikasema.

"Ni joto."

Alikaa hivyo. Uso wake haukutabasamu wala haukufanya kitu nilichokijua. Kisha akasogea kwa magoti mpaka upande wa pili wa kaburi, penye kivuli cha migomba. Akafukua kidogo kwa vidole, akachukua mkono wangu akauweka pale.

"Hapa pakoje?"

"Baridi."

Akanirudisha kule. "Na hapa?"

"Joto."

"Hilo ni jua, mwanangu. Huku linafika, kule halifiki. Ni jua tu." Akanipangusa udongo mkononi. "Baba yako haivi. Baba yako amekufa."

Neno hilo watu wote walikuwa wamelisema mbele yake tangu siku ya machela. Yeye hakuwahi. Alikuwa anasema katoka, kafunika, atafunua. Alilitamka siku ile kwa sababu alikuwa na mtoto mjinga wa kufundisha, na lilipokuwa linatoka kwenda kwangu nililiona likimwingia yeye.

Mimi ndiye niliyelia. Yale machozi ambayo watu waliyadai siku ya mazishi yalitoka yote, nikajigaragaza kwenye udongo nikimwita baba kwa jina lake, jambo ambalo siku nyingine lingenipatia fimbo. Mama hakulia. Alinibeba mgongoni, dume zima miguu inaning'inia, akapanda nami nyumbani.

Alinitua mlangoni, akaingia ndani, akatoka na jembe la baba lililokuwa limefungwa darini. Yusta aliona akadondosha mwiko.

"Mama! Jembe limefungwa! Siku haijafika!"

"Najua."

Akakata kamba kwa meno. Akapiga jembe la kwanza kwenye lile shimo, na harufu iliyotoka hapo sitaki kuieleza, kila mtu aliyekuwa uwanjani alishika pua. Ndani hamkuwa na ndizi tena. Kulikuwa na uji mweusi, maji makali kama siki, na ganda moja moja lililobaki na umbo. Alishuka shimoni, akawa anazoa kwa mikono anajaza kikapu, anapeleka kumwaga kwenye mashina ya migomba, anarudi.

Habari kwetu hazihitaji miguu. Baba mkubwa alifika anahema.

"Nani kafungua jembe? Nani? Pombe haijakamuliwa, watu hawajanyolewa, unapiga jembe ardhini? Unataka kuua ukoo mzima?"

Mama aliendelea kuzoa. Shangazi ndiye aliyejibu, kiko mdomoni.

"Wewe Laurenti. Tangu juzi unalia hapa kwamba hashiki jembe. Leo kashika, unalia. Tukupe nini wewe, ziwa unyonye?"

Watoto wa jirani wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Dada, mila ina siku yake!"

"Mila hapa mkubwa wake ni mimi. Nikifa utakuwa wewe. Sasa hivi kaa."

Mama akainua uso kutoka shimoni. Alikuwa mweusi mpaka kwenye nyusi. "Na watoto wangu hawaendi popote," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ile aliyokuwa anaitumia kutuita kula.

Baba mkubwa alisimama. Alitazama jembe, akatazama lile shimo ambalo mdogo wake alilichimba kwa mkono wake, na nadhani ndipo alipoliona. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaniwekea mikononi. Kisha akashika kikapu. Walifanya kazi hiyo mpaka ikaisha, na nilimwona mara kadhaa akifuta macho kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa michafu. Alikuwa amefiwa na ndugu, na tangu siku ile alikuwa anapanga chakula cha watu.

Ningependa kuwaambia mama alipona. Hapana. Ninyi wa rika langu mnajua mambo hayaishi hivyo. Alilima, alitupikia, Biharamulo sikwenda. Lakini kila kiangazi kikiingia, nyasi za kukamulia ndizi zikianza kuwa njano, alizama. Kuna mwaka alilala kitandani mpaka mvua za kwanza. Kuna mwaka alipaka kuta majivu tena, nikajua kinachofuata. Niliacha shule kwa mambo hayo, nikaanza kusukuma baiskeli za ndizi, na hapo ndipo utajiri wangu ulipoanzia, wanaosema nilienda kwa mganga wanisamehe. Nilipopata gari la kwanza, abiria wa kwanza alikuwa mama, nikampeleka hospitali. Daktari mmoja kijana alimsikiliza yeye, siyo mimi niliyekuwa naongea kwa sauti. Akatuambia huzuni ya msiba kwa watu wengi hutulia yenyewe, lakini kwa wengine hugoma, ikageuka ugonjwa wa kupanda na kushuka, na una dawa. Miaka yote ile tulikuwa tunamwombea dhidi ya wachawi. Anameza vidonge mpaka leo, anakwenda kuongea na muuguzi. Bado kiangazi kinamgusa, ila hakimzamishi. Anakaa nami hapa Nyakanazi, chumba cha nyuma, cha kwanza kupigwa jua la asubuhi.

Juzi hiyo nilipoinuka kwenye tairi nikamkuta amesimama kwenye kona na fimbo yake.

"Masanja kasema umekaa chini."

"Masanja ana mdomo, mama."

"Harufu imefika mpaka kwangu," akasema.

Alianza kutembea. Nilidhani anakwenda kwenye gari kuangalia ndizi, maana bado anajua kuzichagua kuliko mnunuzi yeyote. Akalipita gari. Akaupita ukumbi wa wageni. Akasimama mbele ya mgahawa wa Agnesi, mlango wa chuma wa bluu, jua la saa saba limeuelekea wote. Akaweka kiganja juu yake.

"Njoo hapa."

Nilikwenda. Nina wafanyakazi wengi na wote walikuwa wanatazama, Masanja na mkungu wake begani. Nilikwenda hivyo hivyo.

"Shika."

Nikaweka mkono karibu na wake. Chuma kilikuwa kinachoma.

"Mlango una joto," mama akasema, akinitazama usoni. "Kama vile kuna mtu ndani anapika."

Malori yalipita barabarani, moja la kwenda Rusumo, moja la kurudi. Nilitaka kumjibu kama mtu mwenye mali zake. Alisubiri, hakuondoa mkono, na kwa umri ule chuma kile lazima kilimuuma.

"Ni jua, mama," nikasema. "Ni jua tu."

Ndipo alipoutoa mkono mlangoni, kiganja kimekuwa chekundu, akakikinga mbele ya mfuko wa shati langu, penye ufunguo.